Asante, mama wa maktaba

Juzi nilipoitwa jukwaani kupokea tuzo ya masomo na huduma hapa Saint Mary's, Indiana, chuo cha wanawake kilichoanzishwa na Masista wa Msalaba Mtakatifu mwaka 1844, nilikutafuta kwa macho, sikukuona. Mama, jina lako sikuwahi kuliuliza, nisamehe sana. Usiku ule wa theluji, kompyuta yangu ilipozimika na tasnifu ndani, ulikuwa umeshavaa koti uende zako. Ukalivua. Ukakaa nami mpaka saa sita, kisha ukanivika glavu zako za sufu, moja imeshonwa kidoleni kwa uzi mweupe. Nimezifua, nimekuachia pale kaunta pamoja na nakala ya tasnifu. Mungu akuzidishie, mama yangu.