Hita plagi ya nne imegoma

Ujiji, Jumapili jioni

Ndugu yangu Ramadhani,

Assalaam alaykum. Huku hatujambo, ila bibi bado anakohoa na dawa bado anazificha chini ya mto. Najua nimekaa kimya tangu Iddi. Utanilaumu baadaye, kwanza nisikilize, maana naandika huku kidole gumba kimefungwa kitambaa.

Ni kile kipanya, HiAce yangu ya dizeli. Unajua asubuhi hakiwaki mpaka kisukumwe. Nikawa nakilaza kwenye mteremko wa Mzee Hamisi, saa kumi alfajiri nakiachia, kinatoa moshi mweupe, kinawaka, naenda zangu Kibirizi kupakia dagaa. Siku nyingine kinafika bondeni hakijawaka, na bondeni saa hizo hakuna wa kukusukuma isipokuwa mbwa. Wateja wa Kasulu wamenichoka.

Gereji nikasema sirudi. Mara ya mwisho fundi alinilipisha hita plagi zote nne, zile za kupasha joto injini ya dizeli ili iwake, na miezi miwili haikuisha. Basi Alhamisi nikakiingiza kwenye uchochoro kati ya ukuta wetu na choo cha kina Mama Zuhura, ndipo penye kivuli. Mlango mmoja haufunguki kabisa, wa pili unapitisha mtu mwembamba, nami unanijua nilivyo. Na injini ya HiAce, hii aina ya 2L, wameifukia chini ya viti! Unang'oa kiti cha abiria, unafunua mfuniko, unalala kifudifudi kama mtu anayechungulia kisima. Ukitaka kuona, mkono haupiti. Ukipitisha mkono, huoni kitu, unapapasa tu. Nati moja ndogo ilinidondoka, nikaivua kwa sumaku ya spika mbovu niliyoifunga kamba. Spana ya 10 mpaka leo sijui iko wapi.

Nikafungua kile kibapa kinachounganisha vichwa vya plagi, nikachukua balbu ya indiketa, waya mmoja kwenye chanya ya betri, mwingine nikagusisha plagi moja moja. Ya kwanza kimya, ya pili kimya, ya tatu balbu ikawaka, ya nne kimya. Nilipoitoa ya kwanza nikaelewa: ubavuni imeandikwa volti 6. Ya pili hivyo hivyo. Ile ya tatu, iliyojificha nyuma ya mabomba, ni ya zamani, volti 11. Fundi hakuigusa kabisa, ila hela yake alichukua! Gari langu linazipa plagi umeme wa betri moja kwa moja, sasa ya volti 6 itaacha kuungua? Tena ikiungua, ncha yake huvimba.

Ndipo penye msiba wangu. Ya nne, ile ya nyuma kabisa, uzi wake umeshaachia, inazunguka, lakini haitoki. Ncha imevimba mle ndani. Nikiivuta kwa koleo ikakatika, kipande kinaangukia chumba cha moto, hapo tutafungua silinda hedi, kile kichwa cha injini, na hela ya gasketi sina. Nimeilowesha mafuta ya kulainisha kutu tangu Ijumaa. Naizungusha mbele na nyuma kwa spana ya kawaida, kila ikisogea kidogo inagonga bodi, naitoa, naiweka upya. Kidole gumba ndipo kilipoishia.

Baba Asha, mtaalamu wa kila kitu, anasema niiache legelege nisukumwe mpaka injini iwake, mgandamizo utaitema wenyewe. Itaitema wapi? Kiti nimekifungua, mimi niko juu ya hiyo plagi! Nimemwambia aje alale yeye. Hajaonekana tangu jana.

Sasa naomba ile soketi yako ndefu ya 12 na kile kiungo cha kupinda. Mpe mtu unayemwamini anayekuja na treni, nitampokea stesheni. Na ukipita dukani ninunulie plagi tatu za volti 11, nitakurudishia ukija, au nikutumie dagaa, chagua. Soma maandishi ya ubavuni mwa plagi yenyewe, boksi usiliamini.

Halafu niambie, ile ya gari la marehemu mjomba ilipovimba, mliitoaje? Mliizungusha tu mpaka ikachoka, au mlipasha injini kwanza? Nayo ilikatika? Na ikikatika, kuna namna ya kukitoa kipande kupitia tundu la nozeli, ile inayonyunyiza dizeli, au ndiyo basi, hedi ishuke? Mafuta nasubiri siku ngapi? Na wewe ule mguu umepona? Shemeji ameshajifungua au bado mnahesabu? Mbona hukuja kwenye arobaini ya Mzee Saidi?

Nijibu upesi. Gari liko vile vile uchochoroni, kiti kiko sebuleni, bibi amekifanya chake na hataki kuamka.

Wako,
Issa