Tazama Kwanza Juu ya Pipa

Ifakara,
18 Septemba 2024

Mpendwa Baba Tumaini,

Barua yako niliipata wiki iliyopita, na nimefurahi kusikia kwamba trekta limefika Kyela salama na kwamba shemeji ameshapona mguu. Sisi huku hatujambo; mpunga umeshaingia ghalani, mashamba yamekauka, na kwa sasa wenye kazi ni mafundi tu. Nakujibu mapema kuliko kawaida yangu kwa sababu ya jambo ulilolitaja kwa mstari mmoja, kana kwamba ni dogo: kwamba umenunua mapipa manne ya dizeli ukayasimamisha nyuma ya nyumba, na kwamba unatafuta tangi kuukuu la maji, la bati, ili uweke akiba kubwa zaidi kabla mvua hazijaanza. Ndugu yangu, tangi hilo usilinunue, na mapipa hayo yasikutwe na mvua ya kwanza yakiwa yamesimama hivyo.

Sikuwahi kukusimulia kwa kirefu yaliyonipata Machi 2021. Trekta langu, lile Massey Ferguson 290 unalolifahamu, lilianza kukohoa asubuhi moja tukiwa katika ekari ya tatu ya shamba la jirani. Likatoa moshi mweupe, likawa linaishiwa nguvu kila jembe liliposhika udongo mzito, kisha likazima kabisa. Dereva alitoa upepo kwenye njia ya mafuta mara mbili, likawaka, likazima tena. Fundi alipofika alilegeza skrubu iliyo chini ya filta, akakinga kwa chupa ya maji ya kunywa aliyoikata shingo. Yaliyotangulia kutoka yalikuwa maji yenye rangi ya kutu, na ndani yake ulielea uzi wa ute mweusi kama kamasi, wenye harufu ya kitu kilichooza. Tulikinga nusu chupa kabla dizeli yenyewe haijaonekana. Pampu ya dizeli ilifunguliwa ikapelekwa Morogoro, nozeli mbili kati ya zile nne zinazopulizia dizeli ndani ya injini zikakutwa zimeliwa na kutu, na siku tisa za kulima zikapotea huku wateja wangu wakimfuata mwenye trekta mwingine. Fundi alinieleza kwamba pampu ya trekta hili haina kilainishi kingine ndani yake zaidi ya dizeli inayopita, kwa hiyo maji yanapoingia vyuma vyake husagana vikavu, na mashine ikilala usiku mmoja na maji hayo, kutu huanza kazi.

Nilikwenda sheli nikiwa nimefura. Kijana wa pale alinisikiliza hadi mwisho, akachukua kijiti cha kupimia, akapaka nchani ile dawa inayogeuka rangi ikikutana na maji, akakizamisha hadi chini ya tangi lao na kukitoa mbele ya macho yangu. Rangi haikugeuka hata kidogo. Akanipa dawa kidogo katika kipande cha karatasi, akaniambia kwa heshima niende nikapime na kwangu. Nilipima kwa mpini wa fagio, na mpini ukatoka na wekundu uliopanda kidole kizima na nusu kutoka chini ya pipa langu mwenyewe.

Jioni ile ilinyesha, nikakaa kibarazani kulitazama pipa. Mfuniko wa pipa la lita 200 umezungukwa na ukingo, kwa hiyo pipa likisimama wima mvua haina pa kwenda. Hutuama juu kama kwenye sinia, na vizibo vyote viwili huzama. Upana wa mfuniko ni kama sentimita 57, maana yake kila sentimita moja ya kina cha kidimbwi kile ni takriban lita mbili na nusu. Nilichora alama kwa chaki pembeni mwa ukingo saa mbili usiku. Alfajiri, kabla jua halijatoka na bila upepo wowote wa kukausha kitu, maji yalikuwa yameshuka chini ya alama, na viluwiluwi vya mbu vilivyobaki vilikuwa vimekusanyika kwenye tope la upande mmoja. Pipa lilikuwa limeyanywa. Mchana jua hulichoma, hewa iliyo ndani hutanuka na kujipenyeza nje kwenye hesi za kizibo; mvua ikilipiga au usiku ukiingia, hewa hiyo hujikunja na kuvuta, na kama juu ya kizibo pana maji, huvuta maji. Kizibo kilichokazwa kwa mkono hakizuii chochote, na hata kilichokazwa kwa spana, kama mpira wake umekauka, huvuja polepole. Maji yakishaingia hayatoki, kwa kuwa lita moja ya dizeli ina uzito wa gramu 840 hivi na ya maji ina gramu 1,000. Yatakwenda chini na kukaa huko yakingoja bomba lako.

Watu wengi watakuambia kwamba adui ni unyevunyevu wa hewa, na kwamba dawa yake ni kujaza tangi la trekta kila jioni. Ni kweli, nami hujaza, lakini nakuomba upige hesabu kabla ya kuamini kwamba hilo peke yake linatosha. Hewa iliyoshiba unyevu katika joto la nyuzi 30 hubeba kama gramu 30 za maji kwa kila mita moja ya ujazo, na ikipoa hadi nyuzi 20 hubaki na kama 17. Tangi lenye nafasi tupu ya lita 60 basi haliwezi kutoa hata gramu moja kwa usiku mmoja. Gramu hiyo inakuwa neno zito pale trekta linapolala miezi mitatu likiwa na tangi nusu, kwa sababu kila usiku huongeza chake na hakuna kinachoondoka, na ile kuvu inayozaa ute haihitaji ziwa. Inahitaji utando mwembamba wa maji chini na dizeli juu yake, iishi mpakani kati ya hivyo viwili. Kwa hiyo jaza jioni, hasa trekta likienda kulala muda mrefu, ila usimwachie mvuke lawama zote wakati mfuniko wa pipa unakuingizia lita nzima kwa wiki.

Kuhusu mapipa yako manne, fanya hivi. Yale matatu ambayo hujayafungua yalaze ubavu juu ya magogo, chini ya paa, na uyazungushe mpaka vizibo viwili viwe katika mstari mmoja wa usawa, kimoja kushoto na kimoja kulia. Vikikaa hivyo vyote viwili huwa vimefunikwa na dizeli kwa ndani, na pipa haliwezi kuvuta hewa wala maji kwa njia hiyo. Na kama kizibo ni kibovu utaona dizeli ikidondoka mara moja, jambo ambalo ni afadhali kuliko maji kuingia kimyakimya. Lile unalolitumia lisimame, lakini chini ya paa, na uweke kipande cha ubao chini ya upande mmoja ili liiname kidogo. Maji na uchafu vitakusanyika upande wa chini, nawe pampu ya mkono iweke upande wa juu, bomba lake likome kama sentimita kumi kutoka kwenye kitako. Dizeli inayobaki chini usiihurumie. Iondoe kwenye mtungi wa kioo, iache itulie, umwage maji mbali na majaruba, na kilicho safi ukirudishe. Pipa lililotoka kuviringishwa au kuteremshwa kwenye gari liache litulie usiku mzima kabla ya kuvuta, na kwa sababu hiyohiyo usinunue dizeli sheli wakati lori linashusha mafuta, kwa maana tangi lao huwa limevurugwa.

Tangi la bati nililikataa kwa sababu nyingine. Bati la matangi ya maji limepakwa zinki, na zinki hupambana na dizeli iliyokaa, ikazaa kitu kama sabuni kinachoziba filta na nozeli. Ukitaka tangi kubwa, tafuta la chuma cha kawaida lenye koki ya kutolea maji mahali pa chini kabisa, lipake rangi nyeupe kwa nje ili jua lisilichemshe, na ulijengee kivuli.

Nikikumbuka sabuni, angalia na madumu. Kijana wangu mmoja, kwa nia njema kabisa, aliyaosha kwa sabuni ya unga, akayasuuza, akayageuza juani kwa saa moja na kuyajaza dizeli. Dizeli ilitoka nyeupe kama maji ya mchele, na hata baada ya siku mbili haikutengana, kwa kuwa sabuni iliyafunga maji ndani ya mafuta katika vitone vidogo mno visivyoweza kushuka. Dumu la dizeli lisuuzwe kwa dizeli. Kitambaa unachokinga kwenye faneli nacho huzuia majani na mchanga, lakini maji hupita. Njia rahisi ya kujua ulichonunua ni kutia kidogo katika chupa nyeupe ya soda jioni na kuitazama asubuhi kungali na ubaridi, ukiwa umeweka gazeti nyuma yake: kama herufi hazisomeki kwa sababu ya ukungu, kuna maji ndani, hata kama chini hujaona tone.

Kwenye trekta lenyewe kazi si kubwa. Kila asubuhi, kabla ya kuwasha, wakati maji yametulia kwa usiku mzima, legeza ile skrubu ya chini ya filta, kinga katika chupa nyeupe mpaka itoke dizeli tupu, kisha kaza. Ukisubiri hadi injini imekwisha kutikisa kila kitu, utakuwa umechelewa. Mfuniko wa tangi ukipotea usikubali gunzi wala kitambaa kilichofungwa kwa nailoni, maana kitambaa hufyonza mvua na kuitiririsha ndani kama utambi. Nunua mfuniko mwingine wenye tundu lake la kupumulia. Akija fundi akakuambia umimine kikombe cha spiriti ili "kuyeyusha" maji, mshukuru na umnyime kikombe. Spiriti huyashika maji na kuyapitisha kwenye filta hadi kwenye nozeli, mahali ambapo ndipo hasa hutaki yafike, na hupunguza ule ulaini ambao pampu inautegemea.

Kinachonisumbua zaidi ni dereva. Dereva anayelipwa kwa ekari anaona dakika tano za asubuhi ni fedha yake inayomwagika chini, na sikuwahi kufaulu kwa kukaripia. Nilichofanya ni kumwambia aniletee ile chupa kila siku kabla hajaondoka, nami namlipa kidogo kwa kila chupa, iwe na maji au isiwe nayo. Naziweka dirishani kwa wiki nzima, na kwa kuzitazama najua pipa gani limeanza kuingiza maji kabla trekta halijajua. Mvua za kwenu huzidi milimita 2,000 kwa mwaka, nyingi kuliko zetu, kwa hiyo nadhani wewe utahitaji dirisha pana zaidi.

Ile dawa ya kupimia maji nimekuwekea kikopo kimoja kwa dereva wa basi atakayepita Ijumaa. Mpokee pale stendi kuu Mbeya, naye atakupigia simu. Pima mapipa yote manne siku hiyohiyo, hata yale yenye lakiri, kisha uniandikie wekundu umepanda vidole vingapi.

Nisalimie shemeji na watoto wote.

Ni mimi rafiki yako,
Baba Upendo