Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Hizi Programu Tunazolipia

Wanachama wenzangu, salamu. Mahesabu anayo mweka hazina na kumbukumbu za vikao anazo katibu, mimi nina jambo moja tu, lile mnaloniuliza kila kikao, eti kwa nini chama kinalipia programu za madivelopa (watengenezaji wa programu) wadogo wakati za bure zimejaa.

Jamani, kuandika programu ni mwanzo tu, kazi yenyewe iko mbele, mfumo wa simu ukipata toleo jipya kuna kitu kitagoma, bagi, yaani kasoro, zinaripotiwa usiku wa manane, seva inadai hela yake, na huyo divelopa mara nyingi yuko peke yake na ana ajira nyingine inayomlisha. Akikosa hela anajaza matangazo au anauza data zenu au anaiuza programu yenyewe kwa kampuni kubwa ambayo inaweza kuizima wakati wowote. Au anachoka tu, apdeti zinakoma.

Kuna waliosema programu huria haihitaji hela kwa sababu msimbo, yaani maandishi yanayoiunda programu, uko wazi, yeyote ataurekebisha. Haya, OpenSSL, programu huria ya kuficha mawasiliano ya mtandaoni yasidukuliwe, ilikuwa inalinda sehemu kubwa ya tovuti za dunia, michango ilikuwa kama dola 2,000 kwa mwaka, na anayeifanyia kazi muda wote alikuwa mtu mmoja! Tundu la usalama lililoitwa Heartbleed lilikaa humo miaka miwili, msimbo uko wazi na hakuna aliyeliona, mpaka Aprili 2014 ndo makampuni makubwa yakakumbuka kutoa hela.

Mimi hadithi ninayoipenda zaidi ni ya Blender, programu ya kutengeneza picha na katuni za 3D. Kampuni iliyokuwa nayo ilifungwa 2002, wawekezaji wakasema leteni yuro 100,000 tuachie msimbo, na watumiaji wakachanga zikatimia ndani ya wiki saba tu. Mwaka 2025 filamu ya Flow, iliyotengenezwa kwa Blender, ikachukua Oscar. Wale waliochanga walikuwa watu kama sisi tu, hata hawakuwa na uhakika kama kitatoka kitu (na wengine najua mngesema subirini kwanza tuone).

Sasa kamati inapendekeza malipo yawe ya kila mwaka badala ya mara moja, maana divelopa hawezi kupanga kazi kwa hela asiyojua itakuja lini. Na programu ambayo haijapata apdeti tangu tuilipie, tunaiacha, hatutoi sadaka hapa. Kura ni mkutano mkuu, anayepinga aje na hoja yake.