Wauza katriji mtuambie urefu na uzito, sio geji peke yake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua niseme hili maana limenikaa moyoni muda mrefu. Wenzetu wengi wenye shotigani za zamani za mitutu miwili wanaziua taratibu bila kujua, na sio kwa uzembe, ni vile wote tumezoea kuuliza geji, yani kipimo cha upana wa mtutu, basi. Unamwambia muuzaji nataka katriji za geji 12 za kupigia ndege, anakupa boksi, unajaribu moja inaingia, bunduki inafunga vizuri kabisa, unalipa unaenda zako. Hiyo kuingia ndiyo inayotudanganya.

Mimi bunduki yangu nilirithi kwa babu, ya Uingereza, mitutu imelala sambamba, haifiki kilo 3 na ukiinyanyua inakwenda yenyewe begani. Nikauziwa katriji za kisasa zenye gramu 36 za marisau, zile chembe ndogo za ndani, nilipouliza kama zinafaa nikajibiwa "mzee, geji 12 ni geji 12". Nikapiga nazo misimu miwili. Maganda yalikuwa yanatoka mdomo umechanikachanika kama ncha za nyuzi, nikadhani ni plastiki mbovu. Halafu siku moja nasafisha naona nyuma ya chuma, pale kitako kinapoungana na bunduki, kuna mstari mwembamba kama unywele, nikabonyeza na dole gumba, mafuta meusi yakatoka kwenye ule mstari. Mbao ilikuwa imepasuka. Roho iliniuma kwa kweli, kitu kimetunzwa na watu wawili kabla yangu kije kupasukia mikononi mwangu.

Fundi alipopima chemba, pale katriji inapokaa, akakuta milimita 65, yani inchi 2 na nusu, na katriji zangu zilikuwa za 70. Sasa mtu atauliza ziliingiaje? Urefu unaoandikwa kwenye boksi ni wa ganda likishapigwa na mdomo wake kufunguka. Katriji mpya ya 70 mdomo umekunjiwa ndani kwa hiyo ukiipima haizidi sana milimita 58, itaingia kwenye chemba ya 65 bila kugusa kitu, ila ukifyatua ule mdomo unafunguka na kwenda kubana pale tundu la mtutu linapoanza kuwa jembamba, njia ya marisau inakuwa finyu na presha inapanda ghafla. Ndiyo maana maganda yangu yalikuwa yanachanika, yalikuwa yananiambia na mimi sikuelewa.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni urefu, na usikadirie kwa macho, mpe fundi apime. Apime na unene wa mtutu pia, maana kuna bunduki ambazo mwenye nazo wa zamani alishachonga chemba kuirefusha na mtutu ukabaki mwembamba hapo hapo penye presha kubwa. Asome na mihuri chini ya mitutu. Bunduki zilizopimwa London au Birmingham zina mihuri inayoeleza zilijaribiwa kwa baruti gani, nyeusi tu au na ya kisasa ya nitro, na nyingine zimeandikwa kabisa presha, kama tani 3 kwa inchi ya mraba. Lakini huo muhuri unasema hali ya mtutu siku ulipopimwa, kutu na kukwanguliwa kulikofuata haujui. Mitutu ya damaski, ile ya zamani iliyosukwa kwa vipande vya chuma ikawa na mawimbi, mimi sitamwambia mtu yeyote apige kwa sababu tu kasoma barua yangu, hiyo ni ya kumpelekea fundi anayeijua.

Jambo la pili ndilo linalochanganya watu wengi zaidi, hata wanaojiita wazoefu. Presha na teke ni vitu viwili tofauti. Presha ndiyo inayoumiza mtutu, na inategemea sana baruti inavyoungua, haraka au polepole. Teke ndilo linaloumiza kitako, bawaba na bega lako, nalo linatokana na uzito wa marisau na mwendo wake ukilinganisha na uzito wa bunduki. Unaweza kupata katriji ya presha ya chini kabisa ikasukuma gramu 36 na bado ikakupasulia mbao, na unaweza kupata nyepesi ya gramu 24 ambayo haikupigi teke lakini presha yake iko juu. Marekani kikomo cha geji 12 za kawaida ni paundi 11,500 kwa inchi ya mraba, hiyo ni kwa bunduki za leo, watu wa bunduki kongwe wanatafuta zilizo chini sana ya hapo. Kwa hiyo neno "laini" kwenye boksi halitoshi, uliza laini kwa nani, kwa mtutu au kwa bega?

Kwenye uzito kuna hesabu ya wazee ambayo mimi naiamini, inatajwa kwa jina la Greener, fundi bunduki wa Uingereza: bunduki iwe na uzito mara 96 ya marisau. Chukua gramu 28 zidisha mara 96 unapata kama kilo 2.7, ndiyo bunduki yangu hiyo. Chukua gramu 36 unapata karibu kilo 3.5! Yani nilikuwa naibebesha bunduki ya babu mzigo wa bunduki nyingine kabisa.

Na msiogope kwamba gramu 28 hazitaua ndege. Ndege akiruka mita 25 au 30 mbele yako anachohitaji ni marisau kusambaa vizuri bila mapengo, na mzigo mwepesi unaokwenda mwendo wa kama mita 350 kwa sekunde unafanya hiyo kazi vizuri tu. Weka karatasi kubwa, piga, hesabu matundu, utaona mwenyewe. Angalia tu namba za marisau maana hazifanani kila nchi, namba 6 ya Uingereza ni chembe 270 kwa aunsi na ya Marekani ni 225, ukichukua boksi kwa namba peke yake unaweza kupata kitu tofauti na ulichozoea.

La chuma nalisema kwa ufupi. Marisau ya chuma ni magumu, mitutu ya zamani yenye choki iliyobana, yani tundu linalopungua upana karibu na mdomo wa mtutu, haikutengenezewa hayo. Penye katazo la marisau ya madini ya risasi (lead) kwa bata maji, kama Marekani tangu 1991, chukua marisau ya bismuthi, madini mengine, ni laini kwa mtutu na uzito wake hauko mbali sana na wa madini ya risasi, ukiongeza saizi moja ya chembe inatosha. Na hizo nazo hakikisha urefu na presha vilevile.

Ombi langu kwa wauzaji ni dogo. Mtu akija na kusema bunduki yake ni ya zamani, muulizeni chemba yake milimita ngapi kabla hamjagusa rafu, na kama hajui mwambieni akapime kwanza arudi. Hata kama mtakosa kuuza boksi moja siku hiyo. Yangu fundi aliunganisha mbao kwa gundi na pini ndani, sasa napiga 65 za gramu 28 na maganda yanatoka na mdomo mzima.

Wako msomaji,
Mwindaji wa ndege