Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Reli Tanzania

YAH: KUPIMA KINA CHA NYUFA ZA RELI YA SGR KWA SUMAKUUMEME

Ndugu Mkurugenzi Mkuu,

Mimi ni fundi wa kukagua vyuma, na ni abiria wa treni ya umeme kati ya Dar es Salaam na Dodoma. Naandika sasa kwa sababu reli yetu ya kisasa (SGR) bado ni changa. Abiria walianza kwenda Morogoro Juni 2024, na Dodoma mwezi uliofuata. Nyufa za uchovu wa chuma huja taratibu, kadiri magurudumu yanavyopita, na hupenda zaidi kwenye kona, pale gurudumu linapoukandamiza ukingo wa ndani wa reli ya nje. Njia iliyosanifiwa kwa mwendo wa kilomita 160 kwa saa na mizigo ya tani 35 kwa ekseli itazipata tu. Naomba zitukute tumejiandaa kuzipima.

Tarehe 17 Oktoba 2000 treni iliyotoka London kwenda Leeds ilifika kwenye kona ya Hatfield, Uingereza, ikienda kama kilomita 185 kwa saa. Reli ilivunjika chini yake vipande zaidi ya 300. Watu 4 walifariki na zaidi ya 70 walijeruhiwa. Kinachoniumiza kila ninapoisoma habari ile ni kwamba ubovu ulishajulikana. Reli mpya ilikuwa imeshaletwa, imelazwa kando ya njia ikisubiri kufungwa, na treni ziliendelea kupita kwa mwendo uleule. Baada ya msiba, wenye reli waliweka vizuizi vya mwendo zaidi ya 1,200 nchini kote, na usafiri ukavurugika kwa miezi. Walikuwa na nyufa nyingi zinazoonekana kwa macho, lakini hawakuwa na uhakika upi ni wa juujuu na upi umezama.

Chombo kinachotegemewa zaidi duniani kukagua reli ni cha mawimbi ya sauti. Ni kizuri kwa kasoro zilizo ndani ya chuma. Lakini nyufa ninazozisema huanzia juu na kuingia kimshazari. Zikisongamana, huyarudisha mawimbi kabla hayajafika chini, na kasoro kubwa inaweza kujificha chini ya kivuli chao.

Hapo ndipo sumakuumeme inapohitajika. Koili ndogo, yaani waya uliozungushwa mara nyingi, yenye umeme wa AC (unaogeuza mwelekeo mara kwa mara) hupitishwa karibu kabisa na kichwa cha reli, ikaamsha mikondo midogo inayozunguka kwenye ngozi ya chuma. Mkondo ukikuta ufa hulazimika kuuzunguka, na koili huhisi badiliko hilo papo hapo. Kifaa husukumwa kwa mkono au hufungwa kwenye gari la ukaguzi. Ujerumani wamekitumia kwa miaka mingi, pamoja na mawimbi ya sauti, kwa sababu koili nayo haioni kilicho mbali chini ya uso. Iko pia njia ya kupima uga wa sumaku juu ya ufa, iliyotokana na ukaguzi wa majukwaa ya mafuta baharini. Hiyo haisumbuliwi sana koili ikiinuka kidogo juu ya chuma.

Ila kununua kifaa ni nusu ya kazi, na hapa ndipo naomba unisikilize kwa makini. Koili ya kukagua reli husoma urefu wa ufa kwenye mshazari wake. Kina hukokotolewa kwa kukisia ufa umelala kwa pembe ya nyuzi ngapi kutoka kwenye uso wa reli. Ufa wa milimita 6 uliolala nyuzi 25 umeshuka milimita 2.5. Uleule ukilala nyuzi 40, umeshuka karibu milimita 3.9. Tofauti hiyo inaweza kuamua kama reli isagwe uso wake ibaki njiani, au ikatwe iondolewe. Nyufa zikikaribiana sana hesabu hupotoka zaidi, na ufa ukizidi milimita chache namba huacha kupanda hata kama ufa unaendelea kuzama. Mkaguzi asiyelijua hili atasaini karatasi safi juu ya reli mbovu.

Kwa hiyo naomba kila kipande cha SGR kitakachoondolewa kwa sababu ya nyufa kisipelekwe kwenye chuma chakavu kabla ya kukatwa, kupimwa kina halisi na kulinganishwa na kile koili ilichosema. Mshazari wa nyufa zetu tuujue kutoka kwenye chuma chetu, chini ya magurudumu yetu. Vipimo vya mwanzo vichukuliwe mapema, kuanzia kwenye kona za milima ya Kilosa, na vihifadhiwe mita kwa mita ili mwaka ujao tuone nini kimekua. Chuo cha Reli Tabora kiwafundishe vijana kazi hii, wasitegemee fundi wa kuja na kuondoka na mashine yake.

Jambo la mwisho ni la mamlaka. Mkaguzi akikuta ufa uliopita kiwango, awe na uwezo wa kupunguza mwendo wa treni siku hiyohiyo, bila kusubiri kikao wala saini ya ofisini. Naomba shirika litangaze hadharani kiwango hicho ni milimita ngapi, na ni nani mwenye kauli ya kusimamisha treni.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Fundi mkaguzi wa vyuma, Morogoro