Shukrani kwa dereva wa lori, Kitonga

Kaka uliyesimamisha lori mlima Kitonga, Iringa, Jumamosi jioni, jina sikukuuliza. Ahsante.

Gari langu la mwaka 1996 lilikuwa likichemsha milimani tu. Mafundi watatu walishabadilisha thamostati (valvu ya maji ya kupoza injini), pampu ya maji, hata rejeta inayopoza maji hayo. Wewe ulinizuia kufungua kifuniko cha rejeta kikiwa cha moto, tukasubiri nusu saa. Kisha ukaniambia nipige resi, wewe macho kwenye mpira wa chini wa rejeta. Mpira ukabonyea bapa kama chapati! Springi ya ndani inayouzuia kubonyea imeliwa na kutu. Pampu ikivuta kwa nguvu, mpira unajiziba. Ukasokota waya, ukauchomeka ndani, ukajaza maji. Hela ukakataa, ukanywa chai yangu tu.

Nilifika Mbeya geji ya joto ikiwa katikati. Madereva, mkiona boneti wazi mlimani, simameni.