Barua ya wazi kwa wifi yangu: usisubiri vishe

Wifi yangu mpenzi,

Assalaam aleikum. Ni matumaini yangu kwamba barua hii itakukuta u mzima wa afya, wewe na kaka yangu pamoja na watoto, na kwamba Mama naye magoti yamempa nafuu. Sisi huku Unguja hatujambo, alhamdulillah.

Suala uliloniuliza kwenye simu, la vitamu vya sikukuu vilivyobaki kabatini mwako, nilikuomba idhini nilijibu kwa maandishi na hadharani, kwa sababu ninaamini kwamba nyumba nyingi za visiwani kwetu, katika wiki hizi za Mfunguo Mosi, zina kabati linalofanana na lako. Daktari amekupima sukari asubuhi kabla hujatia kitu kinywani, na kipimo kimepita milimoli 6.1 kwa lita bila ya kufika 7.0. Amekueleza kwamba hicho bado si kisukari lakini ndiyo njia inayoelekea huko, nawe umeazimia kubadilisha ulaji wako na kupunguza uzito. Azma hiyo naiunga mkono kwa moyo wangu wote. Kilichonitia wasiwasi ni maneno uliyomalizia nayo, kwamba kuna makopo mawili ya halua iliyotoka Wete, ndoo ya vileja vya Mama, visheti, biskuti na krispi za watoto, maboksi ya juisi na kreti ya soda iliyobaki baada ya wageni wa sikukuu, na kwamba utaanza vikisha.

Wifi yangu, nakuomba usisubiri vishe.

Kwanza, haviishi. Kabla hujafika chini ya ndoo ya vileja patatokea harusi, nawe unajua harusi zinavyofuatana mara tu Ramadhani inapokwisha. Kisha itaingia Sikukuu ya Mfunguo Tatu, kisha Maulidi ya Mfunguo Sita, na katikati yake khitma, arubaini na akika za watoto, na kila shughuli ina sahani yake inayotoka nyumba hii kwenda nyumba ile. Anayengoja kabati liwe tupu ndipo aanze, kwa nchi yetu hii, hataanza.

Lakini najua kwamba linalokufunga mikono hasa ni jengine. Tumelelewa tukiambiwa kuwa kutupa chakula ni israfu, na malezi hayo siyapuuzi hata kidogo. Nayaheshimu, na wanangu nawalea hivyo hivyo. Tazama, hata hivyo, jinsi tunavyoyatumia. Mwenye nyumba, na aghalabu ni mwanamke, ndiye anayegeuzwa kuwa wa kumalizia. Kipande cha keki kilichoachwa na mtoto, bajia mbili zilizosalia kwenye sinia, soda iliyofunguliwa na mgeni asiimalize, vyote vinapitia kwake akiwa amesimama jikoni, na hahesabu kuwa amekula kwa sababu hakupakua wala hakuketi. Chakula ambacho mwili haukihitaji hakiokoki kwa kuliwa. Kinakwenda kuwa mafuta mwilini, kinaipandisha sukari, na baadaye fedha zinatoka kwa ajili ya vipimo na dawa. Israfu ilikwisha kutendeka pale kiliponunuliwa au kilipopikwa kingi kupita haja, na dawa yake ni kupunguza manunuzi ya sikukuu ijayo. Kumtwisha mtu mmoja hasara ya nyumba nzima tumboni mwake hakuifuti israfu hiyo.

Ili uone uzito wa jambo lenyewe, chukua soda peke yake. Kopo la kola la mililita 330 huwa na sukari gramu 35 hivi, yaani vijiko vya chai vinane hadi tisa. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2015 likishauri kwamba sukari inayotiwa katika vyakula na vinywaji, pamoja na ile ya asali na juisi za matunda, isizidi asilimia 10 ya nguvu yote tunayoipata katika chakula cha siku, na kwamba ikishuka chini ya asilimia 5 ni bora zaidi. Kwa mtu mzima anayekula kalori 2,000 kwa siku, asilimia 10 ni gramu 50 na asilimia 5 ni gramu 25. Kwa hiyo soda moja tu imekwisha kukipita kile kiwango kilicho bora, na bado hujanywa chai. Usidanganyike na maboksi ya juisi kwa sababu ya picha ya embe iliyochorwa juu yake. Geuza boksi upande wa maandishi madogo, usome gramu za sukari katika kila mililita 100, kisha uzidishe kwa ujazo wa boksi lote. Watoto wako wa skuli wanaweza kukufanyia hesabu hiyo, na wao wenyewe watajifunza kitu.

Halua nayo inataka maneno yake. Unajua inavyopikwa: sukari, samli na wanga, vikakorogwa juu ya moto kwa saa nyingi, ndipo vikatiwa iliki na lozi. Ukiichota, kijiko hutoka kinang'aa kwa samli, na samli hiyo ina kalori tisa kwa kila gramu wakati sukari ina nne. Kwa kipande kidogo kinachofuatwa na kikombe cha kahawa chungu baada ya shughuli, sina ugomvi nacho, na sitaki uishi kama mtu aliyeharamishiwa halua. Ninachokataa ni ile hoja ya kwamba imalizwe isije ikaharibika. Halua kwa wingi wa sukari yake hukaa miezi bila ya friji. Haina haraka yoyote, na kopo ambalo halijafunguliwa halikudai chochote.

Hapo ndipo pa kuanzia kupanga: tenga vilivyofungwa na vilivyofunguliwa. Vilivyofungwa vina tarehe ya mwisho wa matumizi iliyoandikwa juu yake, kwa hiyo vinaweza kutoka nyumbani kwa heshima na kwenda mahali ambapo watu wengi watakula kidogo kidogo. Biskuti na juisi zipeleke madrasa siku ya hafla ya watoto, ambapo kila mmoja atapata chache na kusiwe na anayezila kila siku. Soda ambazo hazijafunguliwa, muulize mwenye duka kama atazipokea pamoja na kreti na chupa zake. Akikataa, mpe jirani mwenye shughuli. Nakusihi tu usimhamishie mtu mzigo wako. Jirani yako wa ukuta kwa ukuta ana kisukari, na kumpelekea sahani ya visheti kwa sababu wewe umeacha kuvila si wema, hata kama nia ni safi. Na iwapo ulikuwa unahofia kumrudishia mtu sahani tupu, mrudishie na mapapai au machungwa. Sahani itakuwa na kitu, na desturi itakuwa imetimizwa.

Vilivyofunguliwa havihitaji mjadala mrefu. Krispi zilizonywea kwa unyevu wa masika, visheti vilivyoanza kunuka mafuta ya zamani, bajia za juzi, na yale mafuta yaliyokaangiwa mara kadhaa yakawa meusi, vyote hivyo mtu hapewi. Vitupe, wala usivionee huruma. Vile ambavyo bado ni vizuri, toa fungu la kaka yangu na watoto, ulitie katika mikebe yenye vifuniko visivyoonyesha ndani, na uiweke juu kabisa ya kabati, mbali na meza ya chai. Saa unayoshindwa unaijua mwenyewe. Kama ni saa kumi ya jioni, chai inapoteremshwa, basi saa hiyo pawe na kitu kingine mezani tayari kimekatwa: tango, balungi, papai, au njugu za kukaanga kiganja kimoja. Ukingoja njaa ikukute ndipo uanze kumenya, mkono utakwenda kwenye mkebe. Tende zilizobaki usiziwekee uadui. Zina sukari, kweli, lakini zina na nyuzinyuzi, na mbili tatu pamoja na chai isiyotiwa sukari zinatosha.

Kuna jambo moja ambalo naomba ulisome mara mbili. Mama anachoma insulini, kwa hiyo usisafishe nyumba mpaka sukari ikakosekana. Siku atakapotokwa na jasho jembamba, mikono ikamtetemeka, moyo ukamwenda mbio au akaanza kuzungumza maneno yasiyoeleweka, huenda sukari yake imeshuka, na anahitaji gramu 15 za sukari ya kuingia mwilini haraka: vijiko vitatu hadi vinne vya chai vya sukari vilivyokorogwa katika maji, au mililita 150 za juisi. Baada ya dakika 15 mpimeni tena, na kama haijapanda, mpeni tena kiasi hicho hicho. Halua, vileja na chokoleti havifai kwa kazi hiyo, kwa sababu mafuta yaliyomo hukawilisha sukari kuingia katika damu. Akiwa amepoteza fahamu, msimtie kitu chochote mdomoni, mkimbizeni hospitali. Basi weka maboksi mawili ya juisi chumbani kwake, uyaandike kwa kalamu kuwa ni ya dawa, na watoto waelezwe wasiyaguse.

Kuhusu ndoo ya vileja, najua hofu yako ni kwamba Mama ataona umevikataa vya mkono wake. Yeye amekaa siku mbili akisaga mchele na kupima samli, na mkwe akivitoa nje ya nyumba wiki ya pili, moyo utamuuma. Hilo niachie mimi. Nitazungumza naye kwa simu, na nitamwambia waziwazi kuhusu kipimo chako, kwa sababu yeye ndiye anayeijua sindano kuliko sisi sote na hatapenda wewe uifikie. Nitamwomba safari ijayo apike robo ya kiasi hicho.

Kaka yangu nitamwambia vivyo hivyo, na simtetei. Akitaka soda, aende akainywe dukani na chupa aiache huko huko. Friji liwe na maji, na madafu yanapopatikana. Haiwezekani mtu mmoja apambane na maradhi katika nyumba ambayo wengine wanamfungulia chupa mbele ya uso wake kila usiku, na kama mume anamtakia mkewe heri, hiyo ndiyo njia ya kuionyesha. Watoto nao hawana hasara yoyote kwa kupungukiwa na krispi.

Mimi natarajia kuvuka kuja Pemba kabla ya mwezi huu kumalizika. Kopo la halua ambalo halijafunguliwa niwekee, nitalichukua nirudi nalo Unguja, ambako tuna khitma ya familia na litagawiwa kwa watu wengi. Lile lililofunguliwa lipeleke leo kwa shangazi yako, ambaye siku zote ana baraza ya watu na kahawa, na ndoo ya vileja uigawe nusu kwa nusu kati ya madrasa na mkebe wa watoto. Nikifika nipikie samaki wa kuchoma na mchicha, na chai yangu usiitie sukari.

Wasalaam,

Wifi yako, Unguja